Mnyonya Sauti

"Na yeye atakula nini?" aliuliza binti wa duka la chipsi huku akimtazama Avril, ingawa Clive alikuwa amesimama pale pale mbele yake, mtu mzima mwenye kilo tisini, mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Mpe samaki mdogo," Avril akajibu. "Na njegere za kuponda, hizo zinateremka vizuri. Siki usimtilie."

Clive alinyoosha kidole kwenye ubao wa bei, pale palipoandikwa samaki mkubwa. Binti hakukiona. Avril alikiona, lakini alikuwa ameshatoa noti, foleni ilikuwa imefika mlangoni, na waliosimama nje kwenye mvua walikuwa wameanza kuguna. Akajifanya hakuona. Hayo ni mambo madogo, alijiambia, na kweli yalikuwa madogo, ila yalikuwa yakitokea kila siku tangu Oktoba.

"Pole sana, mzee," binti akamwambia Clive kwa sauti ya juu, akilitamka neno moja moja, kana kwamba aliyetolewa koromeo ametolewa na masikio pia. "Utapona, ee?"

Clive aliinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, akachukua kifurushi chake. Saratani ilikuwa imeondoka na koromeo lake lote. Alikuwa akipumulia tundu dogo la shingoni, lililofunikwa kitambaa cheupe ambacho Avril alikifua kila usiku kwa mikono yake. Alikuwa hai, na kwa hilo Avril alimshukuru Mungu kila alipoamka. Lakini binadamu ana namna nyingi za kuwa hai, na nyingine hazitofautiani sana na kuwa kabati.

Nyumbani walikula mbele ya televisheni. Clive alimwacha yule samaki nusu, akakaa akiupindua uma. Simu ikalia, naye Avril akaipokea jikoni huku akimimina maji ya chai.

"Shemeji, ni mimi, Nev," alisema muuza mazulia, rafiki wa Clive wa siku nyingi. "Sikia, mimi na wenzangu tumekuwa tukijiuliza. Meza imelala miezi minne sasa. Tukimngoja Clive mpaka... yaani, tusimbane. Nilikuwa nafikiri kesho nikikalie kile kiti mimi. Yeye aje acheze tu, astarehe. Unadhani atakasirika?"

"Akasirike nini? Chukua tu, Nev. Hana neno."

"Una hakika? Si ungemuuliza kwanza?"

"Nev, namjua mume wangu. Nakwambia hana neno. Utakuwa umempunguzia mzigo."

Alipoirudisha simu mahali pake na kugeuka, Clive alikuwa mlangoni. Alishika ule ubao mdogo mweupe anaoandikia, na tayari alikuwa ameandika. Maneno yalikuwa makubwa, yamejaa ubao mzima.

NENO NINALO.

*

Ili msomaji asidhani waligombana kwa kiti cha mbao, inafaa lisemwe kilikuwa kiti gani.

Kwa miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi saa nane mchana, watu wanne au watano walikutana ghorofani kwenye klabu ya wafanyakazi hapo Burslem, mji wa viwanda vya vyungu Uingereza, juu ya ukumbi wa bia, wakaketi kuizunguka meza moja. Mmoja wao ndiye msimulizi. Yeye huwaambia wenzake wapo wapi na wanaona nini: msitu, ukungu, jumba lenye taa moja dirishani. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, huyu mpiga upanga, yule mchawi, yule mwizi aliyeokoka. Msimulizi akishasimulia humgeukia mchezaji na kumuuliza, "Unafanya nini?" Mchezaji hujibu, hurusha dadu yenye pande ishirini, na dadu huamua kama amefaulu au ameumia au amekufa. Hakuna mshindi wala kikombe. Kuna hadithi tu, inayoendelea wiki hadi wiki kama ukoo.

Hadithi za Clive zilikuwa za kutisha. Kasri zilizooza, maiti wasiotulia makaburini, na juu ya wote Bibi wa Nyumba Nyeusi, mjane asiyekufa. Mchana kwenye kiwanda cha vyungu Clive alikuwa mtu wa tanuri asiyejulikana na mtu. Jumamosi alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, iliyoweza kuwafanya madereva na wauguzi wachungulie chini ya meza. Walitoka watu Manchester kuja kuisikiliza. Avril alikuwa hajawahi kucheza hata mara moja. Alisema ni watu wazima wanaojiogopesha bure ilhali bili ya gesi iko mezani.

"Sasa ulitaka nimwambie nini?" alifoka usiku ule. "Nimwambie wangoje? Wangoje nini, Clive? Hiyo mashine umeitupa kwenye droo na betri kuukuu. Mwalimu wa hospitali alikufundisha wiki sita. Wiki sita mimi nakupeleka na basi mbili!"

Clive aliandika: ULINGENIULIZA. Kisha akaona amekosea kwa hasira, akafuta kwa kiganja, akaandika upya: UNGENIULIZA.

"Nikuulize wakati gani? Ukiandika sentensi moja chai inapoa!"

Alitamani aimeze kauli ile ilipokuwa bado inatoka, lakini ulimi hauna mfupa. Clive aliufuta ubao polepole, akauweka juu ya friji kifudifudi, akapanda ngazi kwenda kulala.

Mashine yenyewe ilikuwa kitu cha ukubwa wa kinyoleo cha umeme. Ukiiegemeza shingoni na kuchezesha midomo, inatoa sauti kavu, isiyopanda wala kushuka, kama nzi ndani ya kopo. Clive aliitumia hadharani mara moja tu, Desemba, alipopita klabu kusalimia. Alisema, "Hamjambo?" Watu wakanyamaza. Nev, ambaye akibanwa na huzuni hukimbilia mzaha, akasema, "Yesu na Maria, mzee! Ukiwa na sauti hiyo zimwi la nini tena?" Wote wakacheka, na Clive mwenyewe akatikisa mabega kucheka nao. Alipofika nyumbani akaitia drooni.

*

Jumamosi Avril alikwenda naye. Alisema ni kwa sababu ya ngazi za klabu na baridi ya Februari, ambayo huingia kwenye tundu la shingo ikachoma. Ukweli ni kwamba dhamiri ilikuwa inamwasha. Aliketi pembeni karibu na dirisha akafuma soksi.

Mezani walikuwa wanne. Nev kwenye kiti cha msimulizi, nyuma ya kiwambo cha kadibodi kinachoficha maandishi yake na dadu zake. Tariq, dereva wa teksi, mtu wa maneno machache na biskuti nyingi. Pip, muuguzi wa miaka thelathini na kitu, nywele zake za kijani. Na Clive, upande wa wachezaji, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Katikati ya meza ilikuwepo kadi nyekundu. Clive ndiye aliyeileta miaka mingi iliyopita, baada ya mchezaji mmoja aliyefiwa na mama kutokwa na machozi. Hadithi za kutisha huchokonoa vidonda, kwa hiyo yeyote anayelemewa huigusa kadi ile, na tukio linarukwa, wala haulizwi kwa nini. Ilikuwa sheria pekee ambayo haikuwahi kubishaniwa.

Nev hakuwa mtu mbaya. Lakini hadithi aliiendesha kama anavyouza mazulia, kwa vichekesho na mkono begani. Wafu walicheza dansi. Bibi wa Nyumba Nyeusi alizungumza kama mama mkwe wake. Na kila zamu ya Clive ilipofika, ubao haujainuliwa, Nev alikwisha kumjibia.

"Clive anafungua mlango. Si ndiyo, mzee? Anaufungua taratibu."

Clive alikuwa ameandika: NACHOMA MLANGO.

"Ndani kuna mzimu," Nev akaendelea bila kusoma. "Unakurukia, na..." Dadu ikagonga nyuma ya kiwambo. "Loo! Umekukosa sentimita moja! Mzee ana bahati huyu!"

Ikawa hivyo mara ya pili. Mara ya tatu mzimu ukamkosa tena, na Pip akapiga makofi madogo, yale makofi ya wodini mgonjwa anapomaliza supu yake. Avril aliinua macho kutoka kwenye soksi. Hakuelewa mchezo, lakini makofi yale aliyaelewa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akiyapiga nyumbani.

Mara ya nne Clive alisimama, akanyoosha mkono juu ya kiwambo kabla Nev hajaiokota dadu. Ilikuwa imelala pale ikionyesha ishirini. Ishirini ni pigo kuu kupita yote, na kwa pigo hilo mtu wa Clive alipaswa kuwa maiti.

Clive akachukua ubao, akaandika bila haraka, akauzungusha ili kila mtu asome, na Avril pia.

HATA KUFA MNANINYIMA?

"Mzee," Nev alianza, masikio yakiwa mekundu, "wewe umepitia mengi mwaka huu, tulifikiri..."

Clive alifuta. JUMAMOSI IJAYO NAKAA KITI CHANGU. MKISINZIA, NEV AKICHUKUE MOJA KWA MOJA.

"Sawa, lakini kwa sauti gani?" Nev aliuliza, na hakuuliza kwa dharau, maskini, aliuliza kama mtu anayeona rafiki yake akipanda mti mkavu.

YANGU, Clive aliandika. Kisha akaongeza chini yake, akimwelekezea kidole yule aliyekuwa dirishani na soksi: NA HUYU ANACHEZA.

*

"Mimi?" Avril aliuliza njia nzima ya kurudi nyumbani. "Mimi nicheze? Nimepika chakula cha watoto mia tatu shuleni wiki nzima, halafu Jumamosi nikapigane na mashetani?"

Lakini alikubali, kwa sababu alimwona usoni. Kwa miezi minne uso ule ulikuwa wa mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita. Sasa ulikuwa wa mtu mwenye hasira, na Avril, aliyeishi naye miaka thelathini na moja, aligundua kwamba alikuwa ameikosa hasira ile kama mtu anavyokosa chumvi.

Jumatatu akajitolea kumsomea. Alifikiri ndiyo njia ya akili: Clive aandike, yeye awe sauti yake. Clive akampa ukurasa mmoja wa kujaribu. Avril alisimama katikati ya jiko akasoma kuhusu kijiji kilichozikwa na theluji, kengele inayolia bila mtu, na bibi harusi aliyefungiwa darini. Aliusoma wote kwa pumzi mbili.

"Umesoma kama orodha ya chakula cha shule," Clive aliandika kwa herufi ndogo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ndicho kilichokuwa kicheko chake siku hizi, mabega tu. Avril naye akacheka mpaka akaketi.

"Basi utafanyaje, bwana wee?"

Usiku ule, na kila jioni wiki ile, Avril alisikia mlio nyuma ya mlango wa bafu, ule mlio wa nzi kwenye kopo, ukisimama, ukianza, ukirudia neno lile lile. Mara moja alisikia neno zima, "mkate". Mara nyingine "mpenzi". Alisimama na nguo za kufuliwa mikononi akashangaa. Kama anajiandaa kutisha watu, mikate na wapenzi ni ya nini? Akainua mkono agonge kumuuliza kama anahitaji maji. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaushusha.

*

Jambo la kwanza alilofanya Clive Jumamosi ile ni kukikunja kiwambo na kukiweka chini ya kiti. Dadu akaiweka katikati ya meza, kando ya kadi nyekundu, mbele ya macho ya kila mtu. Nev alikohoa. Msimulizi asiye na kiwambo hana pa kuficha huruma.

Pip alikuwa amemwandalia Avril mtu wa kucheza: Marta, mpishi wa msafara. "Si ungeniambia ni malkia," Avril alilalamika, na Tariq akamsogezea biskuti.

Ndipo Clive akatoa mashine mfukoni, akalegeza skafu, akaiegemeza shingoni.

"Mnafika kijijini," ilisema mashine. "Theluji magotini. Mwokaji anawafungulia mlango."

Pip alitazama vidole vyake. Nev alitazama dirisha. Ilikuwa vigumu kuisikiliza sauti ile, na Avril akahisi aibu, kisha akaionea aibu aibu yake. Wote walikuwa wakingoja jambo moja. Nev alikwisha kulisema Desemba, na kila mmoja alidhani ndiyo hila ya Clive: sauti hiyo itakuwa ya zimwi, watashtuka, watapiga makofi.

Haikuwa hivyo. Clive aliwapa sauti ile watu. Mwokaji alikuwa mchekeshaji, akawauliza kama wamekuja kununua mkate au kuyeyusha theluji kwenye sakafu yake bure. Mwokaji alikuwa na mke anayemwita mpenzi, na mke akamjibu kwamba mapenzi hayaoshi vyombo. Bibi harusi wa darini aliogopa panya kuliko wafu. Mzee wa kengele alisimulia habari za goti lake mpaka Tariq, aliyekuwa amejikaza muda wote, akapasuka kucheka na kumwaga makombo. Sauti ilikuwa ile ile moja, haipandi, haishuki, lakini watu walikuwa wengi ndani yake. Midomo ya Clive, nyusi zake, mkono wake mmoja uliokuwa huru, vyote vilikuwa vikifanya kazi. Baada ya nusu saa Avril alijikuta akimgombeza mwokaji kuhusu chachu, akaambiwa na mwokaji kwamba oveni hii ni yake, na akasahau kabisa kwamba alikuwa akibishana na mashine. Nev alikuwa ameegemea mbele, viwiko mezani.

"Kengele inalia," Clive alisema. "Inalia. Inalia."

Akaitoa mashine shingoni, akaiweka mezani.

Hakufanya kitu kingine. Aliwatazama tu, mmoja mmoja. Chini ukumbini glasi ziligongana na mtu akacheka. Ghorofani ilisikika pumzi ya Clive ikiingia na kutoka shingoni mwake, taratibu. Kimya kiliendelea mpaka Pip akavuta miguu yake juu ya kiti.

"Ni yeye," Tariq alinong'ona. "Bibi ameingia."

Zimwi halikuwa na sauti. Sauti walikuwa nayo wale wenye mikate na magoti mabovu, na yeye alikuja kuinyonya. Clive akainua mkono, akauzungusha juu ya meza, akaushusha mbele ya mkewe. Akampa kikaratasi kilichokunjwa, kama wasimulizi wanavyofanya wanapokuwa na siri ya mtu mmoja. Avril akakifungua.

*Amekugusa wewe. Sauti yako imekwenda. Usitamke neno mpaka nikuambie.*

Akainua macho kutaka kusema, "Kwa nini mimi?" Akafunga mdomo.

Clive akarudisha mashine shingoni. "Ametoka. Amesimama langoni, ndiyo njia pekee. Marta hawezi kusema tena. Mnafanya nini?"

Basi wakapanga, kwa joto na haraka, kama watu wanaopanga kuokoa maisha yao. Tariq alitaka moto. Pip alitaka kumtoa bibi harusi kwanza. Avril alijua jibu. Aliona waziwazi kwamba Bibi hufuata sauti, ndiyo maana alikuja kengele ilipolia, na mtu akimvutia upande wa pili wengine watapita. Akagonga meza kwa kidole. Akanyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Subiri kidogo, shemeji," Nev alimwambia kwa upole, bila kumtazama. "Jamani, Marta tumwache nyuma na punda wa msafara. Atakuwa salama."

Avril akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Anatetemeka, maskini," alisema Pip. "Tumfunike blanketi."

"Si ndiyo, Marta? Utabaki na punda?" Nev hakungoja. "Haya, anabaki. Hana neno."

Damu ilimpanda Avril mpaka kwenye ndewe za masikio. Lilikuwa neno lake, yeye ndiye aliyelisema jikoni, simu mkononi na maji yakichemka. Akakumbuka samaki mdogo. Akakumbuka daktari akimuuliza yeye kama Clive analala vizuri, na yeye akijibu, na benki, na duka la dawa, na dada yake Clive kwenye simu, "Yupo hapa, anakusalimu," ilhali Clive hakusalimu mtu. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Miezi minne yote amekaa hapo ndani, anajua jibu, na watu wanamfunika blanketi. Machozi ya hasira yakamjaa.

Clive alimwona. Uso wake haukuwa na furaha ya kulipiza. Ulikuwa umejikunja kwa uchungu. Kwa kidole kimoja akaisukuma kadi nyekundu juu ya meza mpaka ikafika mbele ya mkono wa mkewe. Angeigusa tu, na yote yangerukwa, bila swali.

Avril aliitazama kadi ile. Kisha akaiwekea kidole pembeni, akairudisha ilikotoka, katikati ya meza.

"Marta," mashine ikasema. "Unafanya nini?"

"Labda ana..." Nev alianza. Clive aliinua kiganja, na Nev akakoma.

Wakangoja. Hakuna aliyemsaidia. Avril alitazama huku na huku, akachukua kijiko kutoka kwenye sahani ya Tariq, akaivuta birika ya chuma ya klabu, akaanza kuipiga. Alipiga kama anavyopiga sufuria shuleni watoto wasiposikia. Chini ukumbini mtu alipaza sauti kuuliza kuna nini huko. Yeye akapiga, akielekeza kijiko kwa wenzake, kisha langoni, kisha kifuani kwake.

"Unamwita," alisema Clive. "Aje kwako. Wao wapite."

Akaitikia kwa kichwa.

"Kumi na mbili au zaidi, unaponyoka. Chini ya hapo, unakufa."

Akarusha. Dadu iligonga kikombe cha Pip, ikazunguka, ikatulia kwenye nne.

"Imegonga kikombe!" Nev aliruka. "Hiyo haihesabiki, shemeji. Rusha tena, kila mtu ameona, rusha te..."

Avril aliifunika dadu kwa kiganja chake chote. Akamtazama Nev machoni, akatikisa kichwa mara moja. Ni yake. Iache hapo.

Clive akaeleza, kwa ile sauti isiyopanda wala kushuka, jinsi Marta mpishi alivyosimama kwenye theluji na sufuria yake, na jinsi Bibi wa Nyumba Nyeusi alivyoliacha lango kumfuata. Wenzake walipita mmoja baada ya mwingine, bibi harusi wa mwisho. Nyuma yao waliisikia sufuria. Walipofika mtoni bado waliisikia. Walipovuka hawakuisikia tena.

Pip alikuwa akilia bila kujificha. Tariq aliokota biskuti akairudisha. Nev aliinama chini ya kiti, akakitoa kiwambo kilichokunjwa, akakitazama, akakitia kwenye mfuko wake mwenyewe.

"Jumamosi ijayo?" aliuliza.

"Saa nane," mashine ilijibu. "Usichelewe. Na ujibu yako tu."

Kisha Clive akamgeukia mkewe. "Sauti yako imerudi."

Avril alifungua mdomo, akaufunga. Tangu waoane ndiyo ilikuwa mara ya kwanza hana haraka nayo.

*

Walitembea hadi kona ya pili. Mvua ilikuwa imekatika. Pale kwenye taa za barabarani Avril alimshika mkono.

"Nisamehe," alisema. "Sikukuuliza. Sikukuuliza chochote."

Clive aliubana mkono wake, akaendelea kuushika mpaka mlangoni pa duka la chipsi. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida ya Jumamosi, na nyuma yao kijana mmoja mwenye skafu ya mpira alikwisha kuanza kuguna.

"Karibu, mama," alisema yule binti. "Wewe?"

"Mimi soseji na chipsi."

"Na yeye atakula nini?"

Avril alikuwa na jibu. Alikuwa nalo midomoni kabisa, tayari. Akainua macho akaanza kusoma cheti cha usafi kilichotundikwa ukutani juu ya kikaango, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe. Binti akamtazama yeye, akamtazama Clive, akamtazama yeye tena. Mafuta yalichemka. Foleni ikasogea, ikaguna, ikanyamaza.

Clive alilegeza skafu bila haraka. Akaitoa mashine mfukoni, akaiegemeza shingoni.

"Samaki," alisema, na duka zima likasikia. "Mkubwa. Na siki uimwage mpaka nikuambie basi."